Kutafuta maktaba za RNA kwa aina ya tishu: tufuate mfano wa kondo la nyuma

Wanafunzi wa mwaka wa nne wakishapewa vichwa vya miradi yao, simu yangu haitulii. Ujumbe ni ule ule, kuhusu NCBI, hifadhi ya Marekani ya data za biolojia: "Mwalimu, nataka data ya RNA ya tishu fulani, nimeandika jina kwenye NCBI zimekuja maelfu, sasa nifanyeje?" Mwengine ameandika jina hilo hilo akapata sifuri. Mwengine amepata, amemaliza bando lake kupakua, na alichopakua si tishu aliyoitaka. Nimejibu haya kwa sauti za WhatsApp mpaka nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, upepo unavuma, nusu ya maneno hayasikiki. Basi leo nimeyaandika.

Nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kondo la nyuma. Nimelichagua kwa sababu wengi wanaoniuliza huku Pwani wanafanyia kazi malaria ya wajawazito. Seli nyekundu zenye vimelea vya Plasmodium falciparum hujishikiza ndani ya kondo kwa protini iitwayo VAR2CSA, zikakwepa kupita kwenye wengu. Sababu ya pili ni kwamba kondo lina mitego yote ya kutafuta kwa tishu. Ukiliweza hili, ini na figo zitakuwa mteremko.

Hata kwa Kiswahili lina majina zaidi ya moja. Nyanya yangu alikuwa akisema zalio, kitabu cha shule kinasema kondo la nyuma, muuguzi wa kliniki anasema plasenta. Wote wanazungumzia kitu kimoja. Kwenye hifadhidata ni hivyo hivyo, na tena kuna wanaotumia jina moja kwa vitu viwili. Hapo ndipo watu huumia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta. Kutafuta kwa simu kunawezekana, lakini jedwali utakalolisoma katika hatua ya 6 lina safuwima thelathini au zaidi. Kwenye simu utaona tatu.
- Programu ya majedwali, Excel au LibreOffice Calc, yoyote.
- Intaneti ya kawaida. Kazi yote ya kutafuta hula data kidogo sana. Kinachokula bando ni kupakua mfuatano wenyewe, yaani herufi zote za RNA zilizosomwa na mashine, na hatutafanya hivyo leo.
- Swali lako limeandikwa kwa sentensi moja kwenye karatasi. Si kichwa cha mradi, ni swali. "Jeni gani zinawaka zaidi kwenye kondo la mimba iliyokomaa kwa mama aliyeambukizwa malaria kuliko asiyeambukizwa?" Hilo ni swali, na jeni "kuwaka" ni kutengeneza RNA yake kwa wingi. "Malaria na kondo" si swali.
- Daftari au faili ya maandishi ya kuandikia kila ulichotafuta na tarehe yake.

Huhitaji kulipa popote. Mtu akikuuzia kwa M-Pesa "data ya GEO", hifadhi ya NCBI ya data za jeni, amekuuzia maji ya bahari.

Nadharia kidogo tu

Mtafiti huchukua kipande cha tishu, akatoa RNA, akaigeuza kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, akabandika vipande vya utambulisho kwenye ncha zake. Mchanganyiko huo ulio tayari kuingia mashineni ndio unaoitwa maktaba. Kwenye hifadhidata ya SRA ya Marekani, kila maktaba ina namba yake inayoanza na SRX. Kila mara maktaba hiyo ikipitishwa mashineni huzaliwa namba ya SRR. Kipande cha tishu chenyewe kina namba ya SAMN, na mradi mzima una PRJNA. Kwa GEO, mradi ni GSE na sampuli ni GSM. Ukiona ERR au DRR badala ya SRR usishtuke: hizo ziliingilia Ulaya au Japani, na hifadhi hizi tatu hubadilishana data.

La pili ni hili. Jina la tishu kwenye sampuli liliandikwa na binadamu, mara nyingi mwanafunzi kama wewe, usiku, siku moja kabla ya makala kutumwa jaridani. Hakuna mashine iliyoangalia kama kweli ni kondo. Shika hilo, hatua zote zilizobaki zinatokana nalo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua hifadhidata kulingana na swali.

Ukitaka tu kujua jeni fulani inawaka tishu gani kwa mtu mzima mwenye afya, usiende SRA kabisa. Nenda Human Protein Atlas, mradi wa Uswidi ulioanza 2003, au Expression Atlas ya EMBL-EBI, Uingereza. Andika jina la jeni, utapata mchoro wa tishu zote. Dakika tano umemaliza, ukanywe kahawa.

Kuna GTEx pia, ambayo kila mtu huitaja. Toleo lake la 8 lina sampuli 17,382 kutoka kwa watu 948, tishu 54. Lakini mwanafunzi mmoja alinipigia karibu alie: "Mwalimu, GTEx haina plasenta!" Haina, na haiwezi kuwa nayo. Wachangiaji wake ni watu wazima waliofariki, tishu zikatolewa baada ya kifo. Utapata mji wa mimba, mlango wake, ovari na mirija, kondo hupati. Kwa hivyo kabla ya kulaumu vichujio, jiulize hifadhidata hiyo ilikusanywa kutoka kwa nani.

Ukitaka kulinganisha hali mbili, mgonjwa na mzima, miezi ya mwanzo na ya mwisho, hapo ndipo unaingia SRA au GEO. Ndiko tunakokwenda.

Na ukikuta mwongozo wa zamani unakuelekeza UniGene, uache. Ilifungwa 2019.

2. Andika orodha ya majina ya tishu kabla ya kugusa kibodi.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua mambo. Chora safu tatu kwenye karatasi.

Safu ya kwanza, majina ya tishu yenyewe jinsi Waingereza wanavyoyaandika: placenta, placental, placentae. Alama ya nyota hukusaidia hapa, placent* hukamata yote matatu.

Safu ya pili, sehemu zake na seli zake: chorionic villus, chorionic villi, trophoblast, cytotrophoblast, syncytiotrophoblast. Mtu aliyechukua vijidole vya kondo peke yake huenda asiandike placenta popote.

Safu ya tatu, majirani wanaofanana naye lakini si yeye. Decidua ni utando wa ndani wa mji wa mimba, ni nyama ya mama. Umbilical cord ni kiungamwana. Amnion ni utando wa chupa ya maji. Na kuna seli za kufugwa maabara zilizotoka kwenye saratani ya kondo: BeWo, JEG-3, JAR. Pamoja nao andika HTR-8/SVneo, ambazo ni seli za trofoblasti zilizobadilishwa ziishi bila kikomo. Hawa wa safu ya tatu hutawatafuta, utawatambua ukiwakuta.

Ukitaka msaada wa kupata majina, fungua kamusi ya viungo iitwayo Uberon. Kondo ni UBERON:0001987, na ukurasa wake unakuonyesha visawe na sehemu zake. Kwa tishu nyingine fanya hivyo hivyo.

3. Tafuta vipande vipande, kisha unganisha.

Fungua ukurasa wa SRA kwenye NCBI, bofya "Advanced" chini ya kisanduku cha kutafutia. Usiandike sentensi ndefu moja. NCBI husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia, ukichanganya OR na AND bila mpango utapata kitu usichokiomba. Fanya tafutizi tatu ndogo, kila moja uibofyee "Add to history":

Ya kwanza, acha uga wa "All Fields", andika:
placent* OR trophoblast* OR cytotrophoblast* OR syncytiotrophoblast* OR "chorionic villus" OR "chorionic villi"

Ya pili, badilisha uga uwe "Organism", andika:
Homo sapiens

Ya tatu, badilisha uga uwe "Strategy", kisha bofya "Show index list" uchague rna seq, yaani usomaji wa RNA mashineni, kutoka kwenye orodha. Usibahatishe tahajia, orodha ipo.

Chini ya ukurasa utaona historia yenye namba. Sasa andika kwenye kisanduku:
#1 AND #2 AND #3

AND, OR na NOT ziandikwe kwa herufi kubwa, zote. Na kama umenakili maneno haya kutoka WhatsApp, futa alama za kunukuu uziandike upya mwenyewe, kwa sababu simu hupenda kuzipinda.

Tahadhari: historia hufutika ukikaa saa nane bila kuitumia. Nakili tafutizi zako daftarini sasa hivi, si kesho.

Tahadhari kubwa zaidi: usikimbilie NOT. Wengi huandika NOT BeWo wakidhani wamesafisha. Utafutaji huu hugusa pia muhtasari wa mradi, kwa hivyo mradi uliosema "tumelinganisha kondo halisi na BeWo" unaweza kutupwa wote, pamoja na kondo halisi uliyoitaka. Uchafu tutautoa kwa mkono hatua ya 6.

4. Bana kwa vichujio vya kushoto.

Kwenye "Access" chagua public. Data iliyoandikwa controlled inahitaji maombi kupitia dbGaP (hifadhi ya NCBI ya data zenye ulinzi), barua za taasisi, saini za wakubwa. Mradi wa miezi mitatu usiufunge kwenye kamba hiyo.

Hata kwa data ya wazi, uliza ofisi ya maadili ya chuo chako kama wanataka barua. Vyuo vingine vinataka, na ni afadhali ujue mwanzo.

5. Peleka matokeo Run Selector, pakua jedwali la maelezo.

Juu kulia bofya "Send to", chagua Run Selector, bofya "Go". Utafunguliwa ukurasa wenye jedwali. Kwenye kisanduku cha juu, mstari wa "Total", bofya "Metadata". Faili inayoshuka huitwa SraRunTable. Ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ni ndogo.

Ifungue kwenye Excel, na jambo la kwanza, ihifadhi kwa jina jingine. Asili usiiguse.

6. Soma jedwali, mstari kwa mstari.

Hapa kaa chini. Wengi huchuja safuwima ya "tissue" kwa neno placenta, wakafunga kazi. Sasa tazama mstari wa aina hii, na utaukuta bila kuutafuta sana:

source_name: placenta
tissue: placenta
cell_type: trophoblast
cell_line: BeWo

Kila neno hapo si uongo kamili. Seli za BeWo kweli zilitokana na kondo. Lakini zimeishi kwenye chupa miongo mingi, zinalishwa maji ya sukari na chumvi, hazijui mama wala mtoto. Si tishu. Na aliyechuja safuwima ya "tissue" peke yake amezibeba.

Mimi mwenyewe zilinipata. Nilimpa dada mmoja orodha ya maktaba 40 nikijiamini, sikuitazama safuwima ya "cell_line" kwa kuwa ilikuwa mbali kule kulia, nje ya skrini. Kumi na tisa zilikuwa BeWo. Alishalinganisha, alishachora mchoro, msimamizi wake alishafurahi. Kilichotushtua ni uzuri wa mchoro wenyewe: makundi mawili yamejitenga kama Kisiwani na Likoni, hakuna hata nukta moja majini. Wagonjwa na wazima hawajitengi hivyo. Tulikuwa tumelinganisha nyama na chupa. Wiki mbili zake zilipotea, na ujumbe wa kumwomba radhi niliuandika mara tatu kabla ya kuutuma.

Kwa hivyo fanya hivi. Vuta safuwima hizi zote ziwe jirani upande wa kushoto: source_name, tissue, cell_type, cell_line, body_site, isolation_source, Sample Name. Hutazikuta zote kila mara, kila mradi huandika apendavyo. Kisha ongeza safuwima yako mwenyewe, iite "uamuzi", na uandike moja kati ya maneno manne kwa kila mstari: kondo, jirani, seli, sijui.

Utakuta pia mistari isiyohusiana kabisa na kondo. Ini, ubongo, damu. Zimeingia kwa sababu muhtasari wa mradi wao umetaja plasenta mahali. Futa bila huruma.

Mistari ya "sijui" usiifute. Iache, hatua ya 8 itaiamua.

Ukishamaliza tishu, tazama umri wa mimba: gestational_age, trimester, chochote kinachofanana. Kondo la wiki ya 8 na la wiki ya 39 ni viungo viwili tofauti kwa jinsi jeni zinavyowaka. Usiyachanganye kundi moja.

7. Hesabu akina mama, si faili.

Safuwima ya "Run" ikiwa na mistari 60, hiyo si sampuli 60. Maktaba moja inaweza kupitishwa mashineni mara nne, ukapata SRR nne zenye SRX moja. Hesabu namba tofauti za BioSample, zile za SAMN. Halafu hata hapo uliza: je, kuna mama aliyekatwa vipande vitatu? Kondo lililokomaa lina uzito wa gramu 500 hivi, na kuna watafiti wanaochota upande wa mtoto, katikati, na upande wa mama, kila kipande namba yake. Angalia majina ya sampuli: P01_a, P01_b, P01_c ni mama mmoja.

Msimamizi atakuuliza "n yako ni ngapi?" Jibu ni idadi ya akina mama.

Angalia pia kama kundi la wagonjwa lote limetoka mradi mmoja na kundi la wazima mradi mwengine. Ikiwa ni hivyo, tofauti utakayoiona ni ya maabara mbili. Tafuta mradi wenye makundi yote mawili ndani yake, hata kama ni mdogo. Mimi huchukua mradi mmoja wa akina mama kumi na wawili kuliko mitatu ya kuungaunga yenye sitini.

8. Fungua kurasa za GSM za zile "sijui", na tatu nne za zile ulizoziamini.

Kama mradi una namba ya GSE, ifungue kwenye GEO, bofya GSM moja. Ukurasa ni mfupi. Soma "Source name" na "Characteristics", kisha shuka utafute "Growth protocol". Uga huu ukiwa umejazwa na ukaona majina kama DMEM, RPMI au F-12K, hiyo ni chakula cha seli za kufugwa. Umeshajua. Kipande cha nyama kilichotoka chumba cha kujifungulia hakihitaji kulishwa.

Soma "Extraction protocol" pia. Mara nyingi hapo ndipo wanapokiri kwamba decidua iliondolewa, au haikuondolewa.

9. Ziulize jeni zenyewe.

Ukienda kununua samaki, muuzaji akikwambia huyu nguru ni wa leo asubuhi, humbishii. Unafunua matamvua ukaangalia wekundu. Hapa pia tuna matamvua ya kufunua, na si lazima upakue mfuatano mzima.

Kwa miradi mingi ya RNA ya binadamu, NCBI yenyewe imeshahesabu jeni na kuziweka GEO. Kwenye ukurasa wa GSE utaona sehemu ya kupakua hesabu za RNA-seq. Kuna faili ya hesabu ghafi, na kuna ya TPM, hesabu zilizosawazishwa ili sampuli zilinganishike. Chukua ya TPM kwa ukaguzi huu. Ni ndogo mno ukilinganisha na mfuatano.

Safuwima ya kwanza ina namba za jeni, si majina, ndiyo maana watu hufungua wakasema faili mbovu. Si mbovu. Tafuta namba hizi:

- 1442 ni CSH1, homoni ambayo kondo huitengeneza kwa wingi mno. Kwenye kondo lililokomaa utarajie maelfu ya TPM. Ikiwa karibu na sifuri kwenye mimba ya miezi tisa, hiyo si kondo, au ni kipande kutoka mahali pengine.
- 1081 ni CGA, nusu ya homoni ya hCG, ile inayopimwa kwa kijiti cha mimba. Inawaka sana miezi ya mwanzo. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu BeWo na JEG-3 nazo hutoa hCG.
- 5617 ni PRL na 3484 ni IGFBP1. Zikiwa juu sana, umebeba decidua nyingi.
- 3043 ni HBB, damu ya mtu mzima. 3047 na 3048 ni HBG1 na HBG2, damu ya mtoto aliye tumboni. Kondo halisi huwa na damu, hata likioshwa.
- 5788 ni PTPRC, alama ya seli za kinga. Tishu ni mtaa wenye watu wa kila aina. Ikiwa CGA iko, lakini HBB na PTPRC zote ni sifuri kabisa, uko chupani.
- 6192 ni RPS4Y1, jeni ya kromosomu Y. 7503 ni XIST, ya wanawake.

Hizo mbili za mwisho zina utamu wake. Kondo kwa sehemu kubwa ni la mtoto, si la mama. Mtoto akiwa wa kiume, RPS4Y1 itawaka. Sampuli iliyoandikwa mtoto wa kiume ikikuonyesha XIST juu na RPS4Y1 chini, basi kisu kilikata upande wa mama, au lebo mbili zilibadilishana pale mezani. Mtoto akiwa wa kike, kipimo hiki hakiwezi kukuambia kama nyama ni ya mama au ya mtoto.

Kwa tishu nyingine tafuta alama zake kwenye Human Protein Atlas kabla hujaanza. Ini lina ALB, figo lina UMOD, kongosho lina INS. Jeni tatu au nne zatosha.

10. Andika ulichofanya.

Tafutizi, tarehe, mistari mingapi iliingia, mingapi ilitoka na kwa sababu gani. Hifadhidata hukua kila siku, ukirudia mwezi ujao utapata idadi nyingine na mtahini atakuuliza kwa nini.

Ikikwama

*Napata sifuri.* Mara tisa kwa kumi ni tahajia kwenye uga wa "Strategy", au herufi ndogo kwenye and. Ondoa vipande kimoja kimoja: jaribu #1 peke yake, kisha #1 AND #2. Kile kinachoiua matokeo utakiona.

*Napata maelfu.* Usiogope. Peleka Run Selector, pakua metadata, panga kwa BioProject, yaani namba ya mradi. Utagundua miradi michache mikubwa imebeba sehemu kubwa ya mistari, na baadhi yake ni ya seli moja moja. Kama huhitaji hizo, angalia safuwima ya LibrarySource, nyingi zimeandikwa TRANSCRIPTOMIC SINGLE CELL. Nyingine hazikuandikwa hivyo, zitambue kwa kusoma maelezo ya mradi.

*Safuwima ya tissue iko tupu.* Fungua ukurasa wa BioSample kwa namba ya SAMN. Pia tupu? Fungua makala ya mradi. Hata makala haisemi? Iache. Maktaba isiyojulikana imetoka wapi haina kazi kwako.

*Mradi hauna faili ya hesabu za NCBI.* Shuka chini ya ukurasa wa GSE, kwenye "Supplementary file". Watafiti wengi huweka hesabu zao hapo. Ikikosekana, jaribu recount3, ambayo imeshahesabu zaidi ya sampuli 750,000 za binadamu na panya kwa njia moja.

*Majina ya jeni yamegeuka tarehe.* Ni Excel hiyo, imeona SEPT1 ikadhani ni Septemba. Jeni hizo zilibadilishwa majina 2020 zikawa SEPTIN1 na wenzake, lakini faili za zamani bado zinazo. Fungua kwa kuingiza data na uchague safuwima ya majina iwe maandishi.

*GSE mbili zina sampuli zile zile.* Moja ni SuperSeries, yaani kapu lililobeba mikungu mingine ndani yake. Linganisha namba za GSM, ubaki na moja.

*Lazima nipakue mfuatano wenyewe.* Basi pakua SRR moja tu kwanza, ndogo kuliko zote, ukiangalia safuwima ya Bytes. Ipitishe kwenye kazi yako nzima mpaka mwisho. Ikifika salama ndipo uchukue zilizobaki, na uzichukue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo usiku, na kompyuta iwe na betri, maana stima ikipotea katikati ya gigabaiti ya kumi utanikumbuka.

*Nina orodha lakini sina uhakika.* Nitumie jedwali lenye safuwima ya "uamuzi" imejazwa. Nikipokea SraRunTable tupu kama ilivyoshuka, narudisha.